Zaburi Katika Nchi ya Maji: Faraja na Nguvu Kutoka Delta ya Rufiji Hadi Kibiti

Muumini akifiwa, akiugua au akikosa usingizi kwa hofu, ushauri wa kwanza anaopewa na wenzake ni huu: "Soma Zaburi." Ni ushauri mwema, na tumeutoa wenyewe mara nyingi. Lakini mara chache tunamwambia asome ipi, aisomeje, na atarajie nini baada ya kufunga kitabu. Kwa hiyo wengi wetu tunabaki na Zaburi tatu au nne tulizozizoea: ya 23 kwa msiba, ya 91 kwa hofu, ya 121 kwa safari, ya 51 kwa toba. Nyingine zaidi ya 140 tunazipita kama abiria anavyovipita vituo asivyoshukia.

Katika insha hii tunapenda kuitazama historia ya nchi moja, yaani delta ya Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, tuone Zaburi zinawafaaje watu katika nyakati ngumu. Tumeichagua nchi hii kwa sababu imepita katika vita, njaa, mafuriko na mauaji ya gizani, na mengine kati ya hayo tumeyaona kwa macho yetu. Tena hapa sisi Wakristo ni wachache. Jirani zetu wengi ni Waislamu, na namna tunavyosali wakati wa shida inawagusa na wao. Nchi ya namna hii inaipima sala ya mtu.

Nchi yenyewe

Mto Rufiji huanzia pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, na mbele kidogo hupokea maji ya Ruaha Mkuu. Bonde lake hukusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua iliyonyesha Iringa au Mbeya hutufikia sisi baada ya siku kadhaa, hata kama kwetu jua linawaka. Karibu na bahari mto hugawanyika katika milango mingi, katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote katika Afrika Mashariki, wenye hekta 53,000 hivi. Humo ndimo vilimo Salale, Mbwera, Simba Uranga na Nyamisati, ambako watu hupandia vyombo vya kwenda Mafia.

Wandengereko na Warufiji wamejifunza tangu zamani kuishi kwa ratiba ya maji. Mpunga hulimwa wakati wa mvua na mafuriko, na maji yakishuka hulimwa mlau, yaani mazao ya ardhi yenye unyevu na rutuba iliyoachwa na mto. Mkulima hujenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, akae humo yeye na familia yake kulinda mpunga usiliwe na ndege, nguruwe na nyani. Usiku hulala juu, na maji yanapita chini yake.

Mtu wa nchi hii akisoma katika Zaburi habari za maji yaliyofika shingoni, au za mlinzi anayengoja kuche, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia mafumbo. Ni habari za shambani kwake.

Mikono miwili iliyotuletea Zaburi

Jina lenyewe "Zaburi" lilikuwapo pwani kabla ya misheni ya kwanza. Waislamu wa pwani walijua kwamba Mwenyezi Mungu alimpa Nabii Daudi kitabu kinachoitwa Zaburi, kwa kuwa Kurani inasema hivyo. Tena katika sura ya Manabii, aya ya 105, Kurani inataja jambo lililoandikwa katika Zaburi, kwamba nchi itarithiwa na waja wema. Mkristo akifungua Zaburi ya 37 atakutana na ahadi hiyo hiyo.

Kazi ya kuziweka Zaburi katika Kiswahili ilianza Unguja. Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika huko mwaka 1864. Katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, anasimulia kwamba Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni mwenye asili ya Barawa, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili bora na safi. Kazi ile haikufika mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Steere aliona lugha yake ni ya kitaalamu mno kwa watu wa kawaida. Wakaishia Zaburi ya 16. Hata hivyo Steere alizichapa zile 16, ziwe kumbukumbu ya wema wa sheikh na mfano wa Kiswahili cha mtu msomi wa Unguja.

Baadaye Steere na wenzake waliendelea na tafsiri yao wenyewe, na mwaka 1952 ikapatikana Biblia ya Muungano ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Lakini tusisahau mwanzo ule. Kati ya Zaburi 16 za Sheikh Abdulaziz imo ya 4, ya mtu anayelala kwa amani ingawa watu wanamsumbua. Imo ya 10, inayomshtaki muuaji anayevizia vijijini. Imo ya 13, inayomuuliza Mungu atasahau hadi lini. Hizo tatu tutazirudia tukifika Kibiti. Zilipata kutamkwa kwa Kiswahili kwa kinywa cha Mwislamu aliyetaka kumsaidia jirani yake Mkristo.

Wakati kazi ile ya tafsiri ikiendelea Unguja, nchi yetu ilikuwa njia ya machozi. Juni 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza watumwa wasisafirishwe kwa bahari. Wafanyabiashara wa Kilwa wakaamua kuwapitisha kwa nchi kavu, kuelekea kaskazini kupitia Rufiji. Mwingereza Frederic Elton alipita njia hiyo kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakipelekwa. Misafara hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1876. Hatujui watu wale walisali kwa maneno gani walipokuwa wakivuka mto wakiwa na minyororo shingoni. Ila tukisoma Zaburi ya 137, ya mateka walioketi kando ya mito ya ugenini, inafaa tukumbuke kwamba mateka waliketi pia kando ya mto huu wetu.

Maji ya mwaka 1905

Mwaka 1904 huko Ngarambe, kusini mwa Rufiji, Kinjekitile Ngwale alianza kuwagawia watu maji. Walioyapokea waliamini kwamba risasi za Wajerumani zitayeyuka. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na kulimishwa pamba kwa nguvu, na viboko vya maakida. Vita vilizuka katika vilima vya Matumbi Julai 1905. Kinjekitile alikamatwa, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa huko Mohoro, kituo cha serikali ya Wajerumani katika Rufiji. Vita vilienea kusini yote hadi 1907. Silaha ya mwisho ya Wajerumani ilikuwa njaa, kwa maana walichoma maghala na mashamba. Wapo wanaokadiria waliokufa kuwa 75,000, na wapo wanaofikisha 250,000 hadi 300,000.

Siku 10 tu baada ya Kinjekitile kunyongwa, tarehe 14 Agosti, kundi la wamisionari Wabenediktini liliuawa karibu na Liwale. Walikuwa Askofu Cassian Spiss, mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kutoka pwani kwenda bara. Wabenediktini ni watu wa Zaburi kweli kweli. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inawaagiza wazimalize zote 150 kila juma. Kwa hiyo, tangu walipoingia utawani, watu hawa watano walikuwa wamezitamka Zaburi za maombolezo kwa miaka mingi, juma baada ya juma, kabla ya siku ile kuwafikia.

Mwandishi wa historia ya kanisa angeweza kuishia hapo, akawaita wale mashahidi na kuwaita wapiganaji wapagani. Sisi wenyeji hatuwezi kuishia hapo, kwa sababu babu zetu walikuwa upande ule mwingine. Walikuwa na kilio cha haki, na kilio hicho kimejaa katika Zaburi: maskini ananyang'anywa, mgeni anauawa, mwenye nguvu anasema Mungu haoni. Bahati mbaya wengi wao hawakuwa wamepewa maneno hayo. Injili iliwafikia njia moja na bendera ya mtoza kodi, nao hawakuona tofauti ya moja na nyingine.

Liko funzo lingine katika maji yale, nalo linatuhusu mpaka leo. Mtu mwenye hofu hutafuta kitu cha kumkinga na risasi. Wakristo wengi wanaitumia Zaburi ya 91 namna hiyo. Wanaiandika kwenye karatasi, wanaibandika mlangoni, wanailaza chini ya mto wa kulalia. Tusiwacheke, kwa sababu hofu haina msomi. Lakini tukumbuke nani mwingine aliyeinukuu Zaburi hiyo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, Ibilisi ndiye aliyeitumia kumshawishi Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, kwa kuwa malaika watamdaka. Yesu akakataa. Aliyeikataa Zaburi ya 91 kama hirizi ndiye baadaye, akiwa msalabani, aliyesali Zaburi ya 22 na ya 31. Wabenediktini wale watano walikuwa nayo ya 91 midomoni kila jioni, na mkuki ukawapata. Zaburi hazikuahidi kamwe kwamba risasi itageuka maji.

Vita vya wageni

Miaka tisa baadaye vita vilirudi, safari hii vya Wazungu kwa Wazungu. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikuja kujificha katika mikoko ya delta upande wa Salale. Waingereza waliiziba milango ya mto kwa miezi mingi, na wakaiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaopoa mizinga yake 10 na kuikokota bara. Mwaka 1917 mstari wa vita ulifika mtoni, na mvua za mwaka ule zikawaua kwa njaa na homa watu ambao risasi hazikuwapata. Wengi wa waliokufa katika vita vile hawakuwa askari. Walikuwa wapagazi, makumi elfu ya Waafrika waliobeba risasi na unga wa watu wengine, na wengi wao majina hayakuandikwa popote.

Hapa tunataka kusema neno moja tu. Zaburi nyingi hazina majina ya adui wala ya anayelia. Hatuambiwi ni mwaka gani, ni mji gani, ni mfalme yupi. Wataalamu huona tabu kuzipangia tarehe. Lakini kwa sababu hiyo mpagazi asiye na jina anaweza kuingia humo na akaenea. Mtakatifu Athanasi, katika barua yake kwa Marselino kuhusu Zaburi, alieleza wazo kama hilo: katika vitabu vingine vya Biblia tunasikia habari za watu wengine, bali mwenye kusoma Zaburi huyatamka maneno kana kwamba ni yake mwenyewe.

Kibiti, 2015 hadi 2017

Sasa tufike kwenye siku ambazo wasomaji wengi wanazikumbuka. Usiku wa Januari 2015 watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Ikwiriri, wakaua askari wawili na kuchukua bunduki. Kuanzia hapo, na hasa kati ya 2016 na 2017, viongozi wa vijiji na vitongoji, wa chama na wa serikali, waliuawa mmoja mmoja katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Wauaji walikuja na pikipiki wakati wa jioni au usiku, wakapiga risasi, wakatoweka. Hesabu iliyotajwa mara nyingi katika magazeti ni takribani watu 40, pamoja na askari. Wengi wa waliouawa walitoka katika familia za Kiislamu. Pikipiki zilipigwa marufuku usiku. Watu walihama nyumba zao, na viongozi wengine wakaacha uongozi. Tulizoea kuzima taa mapema na kusikiliza.

Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa wakiwa ndani ya gari lao katika wilaya ya Kibiti na kuuawa. Siku ile ilikuwa Alhamisi Kuu. Kesho yake, Ijumaa Kuu, makanisa yote duniani yaliwasimulia waumini habari za Mtu aliyekufa akiwa na maneno ya Zaburi kinywani. Katika Kibiti hakukuwa na haja ya mhubiri kueleza sana.

Zaburi ya 10 inamchora mtu anayejificha karibu na vijiji, anayeua asiye na hatia kwa siri, na anayejiambia moyoni kwamba Mungu amefunika uso na hataona kamwe. Mwandishi wake anaanza kwa kumlalamikia Mungu: kwa nini umesimama mbali? Hatangulizi sifa, hasemi kwanza kwamba kila jambo lina makusudi yake. Ndipo anaeleza kwa kirefu, karibu kama mtu anayeandikisha taarifa kituoni, muuaji anafanya nini na kwa njia gani. Mwisho anamwomba Mungu ainuke, amhukumu, na amtetee yatima. Tunafarijika naye kwa kuwa anasema lililo kweli. Mtu aliyekuwa akiambiwa na kila redio na kila mkubwa kwamba hali ni shwari aliweza kufungua Biblia akakuta imekiri kwamba hali si shwari.

Huo ndio mpangilio wa Zaburi za maombolezo, ambazo ni karibu theluthi moja ya kitabu. Mtu humwita Mungu, humweleza shida, huomba, hukumbuka aliyotendewa zamani, na mara nyingi humaliza kwa tumaini au kwa nadhiri ya sifa. Anayetaka kuanzia na sifa akaruka malalamiko huwa anachuma tunda ambalo hajalipanda. Imani ya namna hiyo haikutosha katika usiku wa Kibiti.

Tufanyeje na Zaburi za laana?

Yako maneno makali katika kitabu hiki. Zaburi ya 58 inaomba waovu wavunjwe meno. Ya 109 inamtakia adui mambo ambayo ni aibu kuyasoma mbele ya watoto. Kanisa Katoliki lilipotengeneza upya Liturujia ya Vipindi mwaka 1971 liliziacha Zaburi tatu nzima, ya 58, ya 83 na ya 109, kwa sababu ya ukali huo. Waprotestanti nao mara nyingi huziruka kimya kimya.

Hatari iliyokuwapo Kibiti ilikuwa ya kweli. Wauaji hawakujulikana. Uvumi ulisema ni wa dini fulani, ni wa msikiti fulani, ni vijana fulani waliorudi kutoka mahali fulani. Mkristo mwenye hofu akisoma habari za adui angeweza kwa urahisi sana kumwekea adui huyo kanzu na kofia ya jirani yake, na jirani yule alikuwa amemzika ndugu yake juma lililopita kwa mikono ya wauaji wale wale.

Sisi tumefikia msimamo huu. Zaburi za laana zisalike, ila zisipewe jina la mtu. Tukizisoma vizuri tutaona kwamba mwandishi hasemi "nitamvunja meno". Anamwomba Mungu afanye hivyo. Hasira yake yote, hata ile isiyopendeza, ameipeleka mbele ya Hakimu na kuiacha pale. Asiyeruhusiwa kuipeleka pale ataipeleka kwingine, kwa jirani au kwa mke na watoto. Ndiyo maana tunaona faida ya kuzisali Zaburi hizi kanisani, pamoja, na si peke yetu gizani. Wengi tukiwa pamoja, mmoja akianza kumtafuta adui kwa macho, mwenzake atamrudisha.

Kuna la pili. Zaburi ya 139, ambayo wengi huipenda kwa maneno yake mazuri juu ya mtoto aliye tumboni, karibu na mwisho inawaka hasira dhidi ya wauaji. Lakini haimalizi hapo. Mistari miwili ya mwisho inamwomba Mungu auchunguze moyo wa mwombaji mwenyewe, aone kama humo mna njia mbaya. Anayeomba hukumu anasimama foleni ya hukumu hiyo hiyo.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Mei, hofu ikiwa kali. Jirani zetu walifunga wakiwa na hofu ile ile tuliyoadhimishia Pasaka. Tulipokuwa tukiomba Mungu awalinde "watu wake" usiku, tulijifunza kuuliza ni watu gani tuliokuwa nao mawazoni.

Walio kimya

Katikati ya mwaka 2017 operesheni ya vyombo vya dola iliongezeka, na polisi walitangaza kuwaua watuhumiwa kadhaa. Mauaji yalipungua, na tunashukuru. Lakini jeraha jipya likafunguka, kwa kuwa wapo watu waliochukuliwa na hawakurudi. Anayejulikana zaidi ni Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi, aliyekuwa ameandika habari za mauaji yale. Alionekana mara ya mwisho Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Mpaka tunapoandika hajulikani alipo. Machi 2018, katika waraka wa Pasaka wenye kichwa "Taifa Letu, Amani Yetu", maaskofu wa KKKT walitaja hadharani hofu ya watu kutekwa na kupotea nchini.

Familia ya aliyepotea haina kaburi, haina arobaini, haina siku ya kuanua matanga. Mtu wa namna hiyo umsomee Zaburi gani? Ukimsomea ya 23 haraka haraka unaweza kumuumiza. Tunadhani hapa ndipo mahali pa Zaburi ya 13 na ya 88. Ya 13 inarudia swali lake mara nne, hadi lini, kabla haijaomba kitu. Ya 88 ni ya ajabu kuliko zote, kwa kuwa haimalizi kwa sifa wala ahadi. Neno lake la mwisho ni giza. Waliokusanya kitabu hiki walikuwa na uwezo wa kuiacha nje au kuiongezea mstari mmoja wa furaha. Hawakufanya hivyo. Kwa hiyo mama ambaye sala yake haina mwisho mzuri anajua kwamba sala ya namna hiyo ipo ndani ya Biblia na ni Neno la Mungu. Anaruhusiwa kuisali leo, na kesho, na mwakani, na sisi tunatakiwa kukaa naye bila kumharakisha kufika kwenye "Amina".

Maji tena

Mwaka 2024 mto ulikuja. Mvua kubwa za masika zilijaza mabonde ya bara, na maji yakafunika vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mohoro ile ile ya mwaka 1905 ilizama, na watu walitolewa kwa boti. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vimeua watu 155 nchini kote. Kwetu ulizuka mjadala mrefu juu ya maji yaliyofunguliwa katika bwawa jipya la Julius Nyerere lililo juu ya mto. Wengine walilaumu, na serikali ikajitetea.

Zaburi ya 69 ni sala ya mtu anayezama: tope halina mahali pa kukanyagia, koo limekauka kwa kuita. Zaburi ya 124 ni ya watu waliotoka majini wakiwa hai, wakitazama nyuma na kukiri kwamba bila Bwana maji yangewameza. Kati ya hizo mbili, aliyepoteza mpunga wake wote asilazimishwe kuiimba ya pili kabla hajaimaliza ya kwanza.

Iko nyingine inayofaa zaidi kwa mkulima. Zaburi ya 126 inasimulia mtu anayekwenda shambani akilia, lakini mkononi amebeba mbegu. Mkulima wa mlau anamjua mtu huyo. Maji yaliyochukua mpunga wake ndiyo yaliyoacha tope jeusi ambalo mahindi na kunde hulipenda. Anashuka kutoka kwenye dungu, bado ana uchungu, na anapanda. Mwandishi wa Zaburi hamwambii aache kulia kwanza. Machozi na kupanda vinakwenda pamoja katika mstari mmoja, na huko ndiko tunakoiona nguvu: mtu anapata uwezo wa kufanya kazi ya leo huku shida ikiwa bado haijaisha.

Tunayopendekeza

Kutokana na historia hii tunawaomba ndugu zetu wasomaji wafikirie mambo machache.

Tuzisome Zaburi kwa mfululizo, kuanzia ya 1 hadi ya 150, nyumbani au katika jumuiya ndogo. Tano kwa siku zinamaliza kitabu kwa mwezi mmoja. Faida yake ni kwamba utakutana na maombolezo siku ukiwa na furaha, na utakutana na sifa siku ukiwa na huzuni. Siku ya furaha yako utakuwa umemlilia mtu mwingine, na siku ya huzuni yako mwingine atakuwa amekusifia Mungu. Wale watano wa mwaka 1905 walijiandaa hivyo, siku ya amani.

Tuwafundishe watoto wetu angalau Zaburi moja ya maombolezo kwa moyo, pamoja na ya 23. Ya 13 ni fupi, ina mistari 6 tu.

Tukienda kwa mfiwa au kwa aliyepotelewa na ndugu, tumuulize kwanza hali yake, ndipo tuchague Zaburi. Na tukiwa na jirani Mwislamu tusione haya kuitaja Zaburi mbele yake. Kitabu hiki anakijua kwa jina, na Sheikh Abdulaziz alitutangulia kuonyesha kwamba linaweza kuwa daraja.

Zaburi ya 130 inamlinganisha mwenye kumngoja Bwana na mlinzi anayengoja asubuhi. Mlinzi juu ya dungu hawezi kuharakisha jua. Anachoweza ni kukaa macho, kupiga kelele nguruwe wakija, na kumwita mwenzake wa dungu la pili asije akasinzia. Huyo mwenzake huitika, na kutoka kwake sauti hupita hadi dungu la tatu, mpaka bonde zima linajua kwamba watu bado wapo. Nasi tuitane hivyo kwa Zaburi hadi kuche.